Tofali jekundu si lazima liwe limeiva

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafyatua matofali ya kuchoma hapa Kahama kwa udongo wa mbugani. Yakitoka tanurini yana rangi ya njano iliyopauka, na wateja wanakimbilia kwa jirani mwenye mekundu. Kuna kijana ananiuzia unga mwekundu uliotokana na marudio ya dhahabu, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa. Anasema ndoo moja yatosha matofali 1,000, yatakuwa mekundu na magumu zaidi. Ninunue? Na pumba za mpunga, zilizojaa hapa mashineni, zinafaa kuchanganywa?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Pumba tumia, nitakueleza kiasi.

Nianze na hilo "mekundu na magumu zaidi", maana naletewa kila mara na kila mara linaniudhi. Wekundu wa tofali ni kutu: oksidi ya chuma iliyomo udongoni. Chuma hicho huanza kuwa chekundu kwenye joto la nyuzi 300 hivi. Lakini kwenye nyuzi 300 udongo bado ni udongo. Maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake hutoka kati ya nyuzi 450 na 600, na chembe zenyewe hazishikani sawasawa mpaka moto upite 850. Ndiyo maana lipo tofali jekundu kama pilipili ambalo ukilitia kwenye ndoo ya maji jioni, asubuhi unakuta tope. Niliwahi kuitwa kukagua ukuta uliolika chini baada ya mvua za msimu mmoja tu. Matofali yake yalikuwa na wekundu wa kupendeza. Mwenye nyumba alikuwa ameyachagua kwa macho, na fundi aliyemuuzia alijua anachouza.

Lako ni kinyume chake. Udongo wa mbugani una chokaa, zile punje nyeupe unazoziona ukichimba. Udongo wa namna hiyo ukiungua kwa moto mdogo hutoka na wekundu hafifu. Ukikaribia au kupita nyuzi 900, chokaa inakishika chuma na kukiingiza kwenye madini mapya yenye rangi ya majani makavu. Kwa hiyo njano yako yaelekea ni dalili kwamba moto ulifika. Huenda jirani anauza kibichi chekundu na wewe unauza kilichoiva. Chukua tofali moja lake na moja lako, yapime uzito yakiwa makavu, yaloweke saa 24, yapime tena, na wateja wako wakiwa wamesimama hapo. Mimi tofali likinywa maji zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, silijengei.

Sasa ile ndoo. Tofali la kilo 3 mara 1,000 ni tani 3. Ndoo ya kilo 30 ni asilimia moja. Chokaa iliyokwisha kuumeza wekundu wa udongo wako wote itaimeza na hiyo ndoo, wala hutajua ilikokwenda. Ukitaka rangi, tafuta udongo mwekundu wa kichuguu au wa mlimani, uchekeche, uukoroge mpaka uwe kama uji, kisha upake uso wa tofali utakaoonekana nje, tofali likiwa bado na unyevunyevu kidogo. Jaribu machache kwanza, kwa sababu udongo ukinywea kuliko tofali, utabanduka. Na zile punje za chokaa zisage au uzichekeche zisizidi milimita moja. Zikibaki kubwa, tofali litapasuka lenyewe siku kadhaa baada ya kutoka tanurini.

Pumba weka, zisizidi asilimia 5 kwa uzito. Udongo wa mbugani hunywea sana na kupata nyufa ukikauka, pumba zinapunguza hilo, na zinaungua ndani ya tofali kwa hiyo kuni zinapungua. Ukizidisha, tofali litakuwa na matundu na litakosa nguvu. Acha njia za hewa kwenye tanuru, la sivyo moyo wa tofali utabaki mweusi.

Kutumia taka kwenye matofali ni kazi ya heshima. Huko Campos dos Goytacazes, Brazil, watafiti wamechanganya vumbi la viwanda vya granaiti na udongo wa matofali mekundu. Lakini mtafiti wa kweli huanza kwa kupima kilichomo kwenye taka na kitakachochuruzika kutoka kwenye tofali likishachomwa. Huyu wa ndoo amepima nini? Marudio ya wachimbaji wadogo hubaki na zebaki, ile metali yenye sumu wanayonasia dhahabu, na zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Tanuru lako litaivuta yote hewani, na anayekesha akichochea kuni ni wewe na vijana wako. Hapo sijagusa risasi (si ya bunduki, ni ile metali yenye sumu) na aseniki, sumu nyingine ya mawe ya migodini. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu, kwa sababu mawe yalisagwa majumbani na vumbi likatua walipochezea.

Hali ni hiyohiyo kwa wanaochochea tanuru kwa oili chafu na matairi, na kwa wanaotupia humo masanduku ya betri kuukuu wakiambiwa "yanaongeza moto". Moto wa tanuru hauteketezi risasi. Unaitoa kwenye betri na kuitandaza kwenye udongo wanakolala kuku wenu na kutambaa watoto wenu. Pumba, majivu, vigae vilivyovunjika: hizo ni taka unazojua zilikotoka. Taka ya kiwandani au ya mgodini haiingii kwenye udongo bila karatasi ya maabara inayotaja zebaki, risasi na aseniki kwa namba. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mwanza. Kijana akishindwa kukuonyesha karatasi hiyo, gunia lake lisishuke kwenye pikipiki.