Sanamu ya mtu: iliuzwa au aliuzwa?

SWALI: Niliandika habari fupi kuhusu sanamu maarufu iliyotengenezwa na msanii Giacometti: "Mtu Anayetembea, mwenye thamani ya dola milioni 104, aliuzwa London mwaka 2010." Mhariri akabadilisha "aliuzwa" kuwa "iliuzwa". Mimi naona mtu ni mtu, hata akiwa wa shaba. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, ingawa hoja yako ina uzito na haifai kupuuzwa.

Kiswahili hakitazami umbo la nomino peke yake. Kifaru na kipofu wana ki- mwanzoni, lakini tunasema kifaru amelala na kipofu amefika, kwa sababu ni viumbe hai. Ukifuata mkondo huo, sanamu haina uhai, hata ikiwa na pua na vidole. Sanamu imeanguka, sanamu zimesafishwa. Hapo sidhani kama tunabishana.

Tatizo linaanza pale jina la sanamu lenyewe linapokuwa "Mtu". Tazama magazeti. Tukisema "Mwananchi limeandika", hakuna anayeshangaa kwa nini si "ameandika". Kila msomaji anajua kuna neno gazeti lililofichwa nyuma ya jina hilo, na upatanisho unalifuata neno hilo. Vivyo hivyo "Simba imefungwa" ni habari ya timu, na "simba amefungwa" ni habari ya mnyama na kamba. Najua mashabiki husema "Simba kafungwa", tena kwa uchungu; ni lugha hai ya vijiweni na siikatazi, ila katika habari iliyoandikwa i- ya timu ndiyo inayoeleweka haraka. Nyuma ya "Mtu Anayetembea" kuna neno sanamu. Basi iliuzwa.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ni nzito kuliko ya sarufi. "Mtu aliuzwa mnadani" si maneno mepesi kwa Kiswahili. Pale Mkunazini, Unguja, watu waliuzwa kweli, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Msomaji akikutana na kichwa cha habari "Mtu Anayetembea Auzwa", huwezi kumlaumu akishtuka. Hata "Mtu Anayetembea Yauzwa" inakwaruza sikio. Dawa ni kulitaja neno lililofichwa: "Sanamu ya Mtu Anayetembea Yauzwa". Usione umeongeza neno bure.

Hoja yako inapata nafasi unapoacha kusimulia mauzo na kuanza kueleza kinachoonekana. Hapo una haki kamili ya kuandika: "Ni mwembamba mno, amepiga hatua ndefu, ameinama kidogo mbele, mikono ameiachia ubavuni." Unamzungumzia mtu aliyemo ndani ya shaba, naye anastahili a-. Sanamu ina kimo cha sentimita 183, lakini mtu huyo anatembea. Jihadhari tu usichanganye hizo mbili ndani ya sentensi moja.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza. Giacometti aliitengeneza kazi hii mwaka 1960, na kazi za shaba za namna hii humiminwa katika kalibu zaidi ya mara moja. Hii ilitolewa nakala 6, pamoja na 4 za msanii mwenyewe. Iliyouzwa London ilikuwa namba 2 kati ya zile 6. Nakala hapa si bandia. Zote zinahesabika kuwa kazi yake halali. Kwa hiyo ningeandika: "Nakala moja ya sanamu ya Mtu Anayetembea, kazi ya Alberto Giacometti, iliuzwa mnadani London mwaka 2010 kwa dola milioni 104."

Utaona nimeliondoa neno thamani. Dola milioni 104 ni bei, yaani fedha zilizolipwa siku ile. Kabla ya mnada, Sotheby's, kampuni iliyoendesha mnada huo, walikadiria kuwa sanamu ingeuzwa kwa pauni milioni 12 hadi 18. Wanunuzi wakapandishiana hadi nyundo ikagongwa kwenye pauni milioni 58, na baada ya kuongezwa ada ya kampuni ya mnada ikafika pauni 65,001,250. Ukiandika "yenye thamani ya", ni kama unadai kwamba leo, kesho na popote itapata kiasi hichohicho, jambo ambalo mnada haukulithibitisha. Thamani ni pana kuliko bei. Uswisi, alikozaliwa Giacometti, iliichapa sanamu hii pamoja na sura ya msanii huyo katika noti ya faranga 100 iliyotoka mwaka 1998, miaka 12 kabla ya mnada ule. Ukitaka kuandika kuhusu thamani ya Mtu Anayetembea, anzia hapo.