Gololi Hairuki Mpaka Uzito Wake Ushindwe

Kijana mmoja wa chuo, mkaazi wa Likoni, ameniandikia: "Fundi, nimefunga kopo la gololi la kupunguza mtetemo kwenye meza ya mradi wangu kama ulivyotufundisha, lakini yatetemeka vile vile. Tatizo ni nini?"

Swali hilo ndilo lililonipa jina hapa Changamwe. Jenereta ya chumba kimoja cha barafu ilikuwa na mkono wa chuma ulioshika paneli, ukitetemeka juu chini hadi mishono ya kuchomelea ikapasuka. Mhandisi aliyetumwa kuikagua aliponiona na kopo na gololi za beringi, alicheka mbele ya vijana wangu, akasema hiyo ni ramli. Mpaka leo kicheko kile chaniuma.

Sikumjibu. Nilibandika kwenye mkono ule kikaratasi nilichochora pembetatu nyembamba. Kikitetemeka, jicho laona pembetatu mbili zimepishana. Pale zinapoanza kuachana, pima upana wa pembetatu yenyewe, huo ndio mwendo mzima wa mtetemo. Karibu na injini haukufika nusu milimita. Kwenye ncha ulikuwa milimita mbili. Kopo nikalifunga kwenye ncha, na mkono ukatulia.

Sababu ni hii. Gololi hupunguza mtetemo kwa kugonga: kila pigo hula nishati na kuigeuza joto na kelele. Lakini mvutano wa ardhi unaikalisha kwenye sakafu ya kopo. Sakafu isiposhuka kwa mchapuko, yaani ongezeko la kasi, unaozidi mita 9.8 kwa sekunde mraba, gololi husafiri nayo kama abiria, haigongi kitu. Injini ya mizunguko 1500 kwa dakika hutetema mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo sakafu lazima ipite milimita 0.4 kila upande wa katikati, yaani 0.8 kwa mwendo mzima wa pembetatu. Mtetemo ukiwa mara 10 kwa sekunde, ni milimita 2.5. Pimeni, vijana! Anayefunga kopo bila kupima anabahatisha, na chuma hakimwonei haya mwenye cheti.

Mtetemo wa kando ni habari nyingine: gololi haihitaji kuinuliwa, yabingirika tu na kugonga kuta, hata mtetemo ukiwa mdogo. Na ninyi mnaoota satelaiti, mkikumbuka satelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa pwani yetu hii, pale Ngomeni, mwaka 1970, jueni kwamba kwenye obiti gololi huelea. Kopo lililolala kimya mezani hapa laweza kufanya kazi huko, na vipimo vya hapa visiwadanganye.

Sasa wewe mdogo wangu wa Likoni. Hamisha kopo hadi pale meza inapocheza zaidi. Ikiwa bado haifikii kipimo, ning'iniza gololi kwa springi laini ibebe uzito wake, uiachie nafasi ndogo chini na juu. Halafu niandikie tena, na unitumie picha ya pembetatu.