Mwalimu Akujibu: Niache kazi ya mifugo ili niandike riwaya?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa ugani wa mifugo huku Longido. Ukame wa 2009 ulinikuta ndiyo kwanza nimeajiriwa. Nilikuwa nahesabu mizoga boma kwa boma, mpaka siku moja nikaacha kuhesabu. Tangu hapo naandika riwaya juu ya mwaka ule, usiku, nikishatoka joshoni. Rafiki yangu mmoja ananiambia niache kazi, kwa kuwa waandishi wakubwa wa Ulaya na Marekani hawana kazi nyingine. Mwingine anasema 2009 ni juzi tu, hiyo haiwezi kuitwa riwaya ya historia. Wewe unasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kabatini kutoa kitabu ambacho jalada lake limechakaa mikononi mwangu. Aliyekiandika alikuwa na kazi ya jirani kabisa na yako, na kilichomkosesha usingizi ni hicho hicho kinachokukosesha wewe.

Aliitwa Elmer Kelton, mwandishi wa riwaya za kauboi na za historia ya Texas. Alizaliwa 1926, na baba yake alikuwa msimamizi wa ranchi. Juu ya farasi hakuwa hodari. Alichojaliwa ni sikio: wazee wa ranchi walipokaa kusimuliana walivyoswaga ng'ombe enzi za ujana wao, yeye alikuwa pembeni, kimya, anaokota kila neno. Siku alipomwambia baba yake kwamba anataka kuwa mwandishi, mzee alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanataka kula bila kufanya kazi.

Kazi aliifanya. Kuanzia 1948 aliandika habari za kilimo na mifugo kwenye gazeti la mji wa San Angelo kwa miaka 15, akaja kuhariri jarida la wafugaji wa kondoo na mbuzi, halafu akakaa miaka 22 kwenye gazeti la mifugo la kila wiki mpaka alipostaafu 1990. Riwaya za miaka hiyo yote aliziandika jioni na siku za mapumziko. Mwaka 1995 waandishi wenzake wa riwaya za kauboi walimpigia kura kuwa bora wa nyakati zote. Mwambie rafiki yako hilo.

Naamini kabisa kwamba kazi ndiyo iliyomlisha. Mchana alikuwa mnadani anaandika bei ya ndama, au kwa mfugaji anauliza malisho yamebaki ya siku ngapi. Aliyejifungia chumbani angejuaje kwamba ukame ukikaza, mfugaji wa Texas hubeba mtungi wenye bomba la kutoa moto, akachoma miba ya mpungate mmoja baada ya mwingine ili ng'ombe wapate cha kutafuna? Mimi nimefundisha Morogoro miaka 31, nikiandika kuanzia saa kumi alfajiri hadi muda wa kwenda shule. Sentensi ninazozipenda kuliko zote katika vitabu vyangu zilitoka kwenye korido ya shule ile. Moja aliniletea mama aliyekuja kulipa ada kwa sarafu alizozifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa 2009. Ukame wa Texas ulianza 1950 ukakatika 1957, na kati ya kaunti 254 za jimbo lile, 244 zilitangazwa kuwa maeneo ya maafa. Kelton aliuripoti mwaka hadi mwaka. Mvua ziliporudi akaandika riwaya yake, wachapishaji wakaikataa. Akaiandika upya, ikakataliwa tena. Mara ya tatu ndipo ikatoka, 1973, kwa jina The Time It Never Rained: miaka 16 baada ya mvua kurudi. Hakungoja historia iive ndipo aanze. Alianza ukame ungali mbichi moyoni, na miaka ikapita akiwa anaandika.

Mhusika wake mkuu, Charlie Flagg, ni mfugaji mtu mzima, mzito wa mwili, anayekataa chakula cha mifugo cha msaada wa serikali huku majirani wakipokea. Ukaidi ule unampunguzia mifugo mwaka baada ya mwaka, na Kelton hamsifu wala hamlaumu. Kisha, niwie radhi nikikufunulia mwisho, mvua inanyesha. Inanyesha ya baridi, na inawakuta mbuzi wake wa Angora wametoka kunyolewa manyoya. Wanakufa kwa mvua waliyoisubiri miaka saba. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje. Jambo kama lile hulitoi kichwani, unalipata kwa kukaa na wafugaji. Nawe bila shaka umeona ng'ombe aliyevuka kiangazi chote, akaanguka mvua ya kwanza.

Kwa hiyo baki na kazi yako, baki na pikipiki yako, na daftari liwe mfukoni. Andika wanachosema wazee kuhusu majani kwa maneno yao ya Kimaasai, hata kama Kiswahili chake hujakipata bado. Waulize mwaka ule waliupa jina gani. Na usijaribu kuibeba wilaya nzima. Kelton alikuwa na habari za jimbo zima mezani kwake, akachagua uzio wa mtu mmoja.

Umeniandikia kwamba siku moja uliacha kuhesabu mizoga, ukapita haraka kwenda jambo jingine. Ilikuwa siku gani, na ulikuwa kwenye boma la nani? Anzia hapo, kisha niletee kurasa kumi.