Shamba la bei ya kutupa Nala: usilipe kwanza

Ndugu, unauliza kama uchukue shamba la Nala, Dodoma, analokuuzia dalali kwa bei ya kutupa, ujenge nyumba za kupangisha. Usilipe bado. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Mpimaji achukue koordineti za kona zote, kisha zilinganishwe na mchoro wa mipango miji pale ofisi za Jiji. Usije ukauziwa eneo la wazi au hifadhi ya barabara ya mzunguko. (Karatasi za CDA, mamlaka ya zamani ya kustawisha makao makuu iliyovunjwa 2017, nazo zihakikiwe hukohuko.)

Katazame na udongo. Ule mweusi wa mbuga kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua zikija unavimba. Msingi utakula hela yote uliyookoa. Na dalali akisema kuna mteja mwingine jioni, mwambie amuuzie huyo.