Maswali Yenu: Raundi ya kwanza ya mchujo wa Asia

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu mechi za mwanzo kabisa za kufuzu Kombe la Dunia barani Asia, zile ambazo Bhutan, Guam au Brunei ndio wenyeji. Tumezijibu pamoja.

Kwa nini mchujo wa 2026 Indonesia iliuanza Oktoba 2023, na Japani ikaingia Novemba?

Kilichoamua ni orodha ya viwango vya FIFA ya Julai 2023. Shirikisho la Asia lina wanachama 47, lakini Visiwa vya Mariana Kaskazini si mwanachama wa FIFA, kwa hiyo zilibaki timu 46. Zilizoshika nafasi ya 1 hadi 26 barani Asia zilipitishwa moja kwa moja raundi ya pili. Zilizobaki, yaani 20, zilicheza nyumbani na ugenini tarehe 12 na 17 Oktoba, na washindi kumi wakaungana na wale 26 kupata makundi tisa ya timu nne nne.

Tofauti ya nafasi ya 26 na ya 27 ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wa 26 ana uhakika wa mechi sita za makundi. Wa 27 ana uhakika wa dakika 180 tu, na akishindwa Kombe la Dunia limemwisha kabla hata vigogo hawajaanza. Lakini anayepita anaweza kufika mbali: Indonesia iliifunga Brunei 6-0 mara mbili, ikaendelea hadi raundi ya nne Oktoba 2025, na huko ndiko Saudia (3-2) na Iraki (1-0) zilipoizima.

Pointi za FIFA zinakokotolewaje? Timu yetu ilishinda mechi ya kirafiki 5-0 na haikupanda.

Mabao hayahesabiwi. Bao moja na mabao matano ni sawa, na kucheza nyumbani au ugenini hakubadilishi kitu. Tangu Agosti 2018 hesabu inakwenda hivi: chukua pointi zako, toa za mpinzani, gawanya kwa 600. Geuza alama ya jibu (chanya iwe hasi, hasi iwe chanya), kisha pandisha 10 kwa kipeo hicho, jumlisha 1, halafu gawanya 1 kwa jumla hiyo. Unachopata ni matarajio yako, namba kati ya 0 na 1. Matokeo halisi ni 1 kwa ushindi, 0.5 kwa sare, 0 kwa kipigo. Toa matarajio kwenye matokeo, zidisha kwa uzito wa mechi. Mechi ya kufuzu ina uzito wa 25, ya kirafiki ndani ya kalenda ya FIFA (siku zilizotengwa kwa mechi za timu za taifa) 10, ya kirafiki nje ya kalenda 5.

Mfano: una pointi 900, mpinzani ana 1,000. Matarajio yako ni kama 0.405. Ukishinda mechi ya kufuzu unapata karibu 14.9; ukitoka sare unapata 2.4, ukifungwa unapoteza 10.1. Mechi hiyohiyo ikiwa ya kirafiki ndani ya kalenda, ushindi ni karibu 6 tu.

Sasa geuza. Umemzidi mpinzani pointi 300, umemwalika mje mcheze kirafiki. Ukishinda unaongeza 2.4. Sare inakunyang'anya 2.6, kipigo 7.6. Ndiyo sababu ile 5-0 yenu haikuwapandisha. Shirikisho linalojipanga kuelekea droo litafute wapinzani walio juu yake kidogo, waweze kufungika au angalau kubanwa sare, na liwaite ndani ya kalenda. Kualika vibonde ni kununua hatari kwa bei ghali.

Kosa lingine linalorudiwa: watu hudhani kipigo cha mtoano hakikati pointi. Kinga hiyo ni ya hatua za mtoano kwenye fainali zenyewe. Kwenye mchujo unakatwa kama kawaida.

Ni bora kuanza nyumbani au ugenini?

Mwaka 2023 timu kumi za chungu cha kwanza, yaani zilizokuwa juu zaidi kwa viwango kati ya zile 20, zote zilianza zikiwa wenyeji, na nane zilipita. Zilizoteleza ni Maldivi, iliyotoka 1-1 na Bangladesh kisha ikafungwa 2-1 Dhaka, na Kambodia. Hii ya pili ilishikwa 0-0 na Pakistan kwake, ikaenda Islamabad ikafungwa 1-0, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Pakistan katika historia ya kufuzu Kombe la Dunia. Sare tasa nyumbani, kwa maoni yetu, ndiyo matokeo mabaya kuliko yanavyosomeka.

Mahali penyewe panaweza kuwa na uzito kuliko mpangilio. Hong Kong iliifunga Bhutan 4-0, ikapanda Thimphu ikachapwa 2-0. Thimphu iko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali na haupindi sana, na mgeni anahema mapema. Mwili unahitaji wiki na zaidi kuzoea, na kati ya mechi mbili kulikuwa na siku tano. Mgeni huyo dawa yake ni kumaliza kazi kwake, kama Hong Kong ilivyofanya. Sri Lanka haikuweza mwaka 2015: ilifungwa 1-0 Colombo na Bhutan iliyokuwa ya 209, ya mwisho duniani, kisha 2-1 Thimphu. Zawadi ya Bhutan ilikuwa makundi, na huko ilipoteza mechi zote nane, moja kwa 15-0 mbele ya Qatar.

Mchezaji aliyezaliwa nje anaruhusiwa lini?

Awe na uraia kwanza. Kama uraia umepatikana baadaye, inatakiwa kiungo kimoja: kazaliwa nchini, mzazi au babu au bibi kazaliwa nchini, au kaishi huko angalau miaka mitano (mitatu kama alihamia kabla ya kutimiza miaka 10). Aliyewahi kuchezea timu ya wakubwa ya taifa lingine katika mashindano rasmi anaweza kuhama mara moja ikiwa hakuzidisha mechi tatu, zote kabla ya kutimiza miaka 21, imepita miaka mitatu, na hakugusa fainali za Kombe la Dunia wala za bara.

Kagua cheti cha bibi kabla ya kumwita mchezaji kambini. Timor-Leste ilichezesha wazaliwa wa Brazili kwa nyaraka za kughushi, na Asia ikaifungia kushiriki Kombe la Asia la 2023. Mongolia, iliyotolewa nayo mwaka 2015, haikurudishiwa nafasi, kwa kuwa mchujo ulikuwa umeshapita.

Timu ikikataa kusafiri?

Inapewa kipigo cha mezani cha 3-0. Macau ilishinda 1-0 mechi ya kwanza dhidi ya Sri Lanka Juni 2019, haikwenda Colombo kwa hofu ya usalama baada ya mashambulizi ya Pasaka, na Sri Lanka ikapita kwa jumla ya 3-1.