Nikiomba sisikii kitu, je imani yangu imekufa?

Nimeletewa swali na mama mmoja wa Uyole, Mbeya, nimekaa nalo siku tatu maana limeniuma. Kwa ufupi anasema hivi:

"Mchungaji Bwana Yesu asifiwe. Nimezaliwa Rungwe, nikabatizwa mtoto, nimekulia kanisani, kwaya na kila kitu. Nikaolewa tukakaa Mafinga, mume wangu alikuwa kwenye kazi za mbao, akafariki mwaka juzi. Nikahamia Uyole na watoto, nikaanza kuuza mchele wa kutoka Igurusi, bei ikaanguka nikiwa na mzigo stoo, mtaji ukaisha na kwenye kikoba nadaiwa marejesho. Mwanangu mkubwa yuko Dar hapigi simu. Zamani nikiomba machozi yananitoka, nasikia kabisa Mungu yupo, siku hizi ni kama naongea na ukuta. Ninakosali sasa mtumishi amesema maisha yanayumba kwa sababu imani yangu imeyumba, na ubatizo wa utotoni hauna nguvu, nibatizwe upya na nitoe sadaka ya mbegu ya laki tatu ya kusimamisha maisha. Nina kishamba cha migomba alichoniachia mama, nafikiria nikiuze. Je imani yangu imekufa? Nifanye nini nisimame?"

Ugonile mwanangu, na pole sana.

Kishamba usikiuze. Naanza na hilo kabla ya aya yoyote kwa sababu mengine tunaweza kuzungumza hata mwezi mzima lakini shamba likishaandikishiwa mtu halirudi, na hao watoto wawili ulionao hapo wanahitaji mahali pa kusema kwetu ni hapa.

Sasa swali lako. Kwamba Mungu habadiliki hilo sina haja ya kukufundisha, umelijua tangu Sunday school. Linalokutesa ni jingine, kwamba Mungu habadiliki sawa, lakini mimi nimebadilika, basi itakuwaje? Na hapo ndipo huyo mtumishi amekushika.

Niseme wazi, alichokuambia ni fundisho la uongo. Sisemi habari za moyo wake, huo anaujua Mungu, nasema habari za fundisho. Linasema maisha yakiyumba imani imeyumba, maisha yakisimama imani imesimama. Haya, tulipime. Paulo alivunjikiwa jahazi mara tatu, akapigwa mawe, akalala njaa, na mwiba wake aliomba mara tatu uondoke haukuondoka, akajibiwa "neema yangu yakutosha". Alikuwa ameyumba? Trofimo yule mwenzake alimwacha Mileto mgonjwa, imeandikwa 2 Timotheo 4:20, na hakuna mahali Paulo anamwambia toa kitu ndio upone. Yeremia je, aliyeona Yerusalemu ikichomwa, ndiye alikuwa na imani kidogo kuliko wafalme waliokuwa wanakula vizuri?

Na Ayubu. Fundisho hili sio jipya, liko kwenye kitabu cha Ayubu sura nyingi tu, wanaolisema ni Elifazi, Bildadi na Sofari. Wanamwambia yule mzee aliyezika watoto kumi kwamba angekuwa sawa na Mungu yasingempata haya, tubu, rudi, mali zitarudi. Maneno yao ni mazuri mno ukiyasoma, mengine unaweza kuyaandika kwenye kanga. Lakini mwisho Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi hasira yangu inawaka juu yako na rafiki zako wawili, "kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Ayubu aliyelia, aliyelalamika, aliyeilaani siku aliyozaliwa, ndiye aliyenena yaliyo sawa! Waliokuwa na majibu ndio waliohitaji kuombewa. Kila mchungaji na kila nabii anayesimama mbele ya mjane inabidi aisome sura ya 42 akiwa anatetemeka.

Halafu ile habari ya mchele. Mwanangu, wewe unajua kuliko mimi, mavuno ya Usangu yakiingia sokoni kwa pamoja bei inashuka, na aliyenunua ghali mwezi uliopita anaumia. Waliumia wangapi pamoja na wewe hapo stoo? Wote imani zao ziliyumba wiki moja? Hiyo ni hasara ya biashara, inauma, lakini usiibebeshe jina la dhambi ambayo hukutenda.

Kuna sehemu moja nataka uisome leo, Isaya 46, ni fupi. Inaanza na miungu ya Babeli, Beli na Nebo, mji unakimbiwa na wale miungu wamepakizwa juu ya ng'ombe na punda kama magunia, wanyama wamechoka, mzigo unalemea. Miungu wakubwa wale, na siku ya shida wanabebwa! Halafu Mungu wa Israeli anageuka anawaambia watu wake nyinyi ndio mmechukuliwa na mimi tangu tumboni, "na hata wakati wa uzee wenu mimi ndiye, na hata wakati wa mvi nitawachukueni, nimefanya, nami nitachukua." Umeona tofauti? Kuna mungu unayembeba wewe, na kuna Mungu anayekubeba. Mungu anayehitaji umsimamishe kwa laki tatu ili naye akusimamishe, anayekuwepo ukisisimka na kuondoka ukikauka, huyo yuko juu ya punda, na punda mwenyewe ni wewe. Ndio maana umechoka hivyo. Umebeba msiba, umebeba deni, umebeba watoto, na sasa umeambiwa umbebe na Mungu pia.

Wewe ni mama, umebeba watoto mgongoni. Mtoto akiwa macho anashika nguo yako kwa vidole, akisinzia vidole vinaachia. Anaanguka? Haanguki, maana hakuwa anashikiliwa na vidole vyake, alikuwa anashikiliwa na kanga uliyoifunga wewe. Vidole vyako vimeachia mwanangu, sikatai. Kanga haijafunguka. Paulo anamwandikia Timotheo, "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe." Na Petro kabla hajamkana Bwana aliambiwa "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Usiku uleule akamkana mara tatu. Kama uthabiti ungekuwa wa Petro ungeishia pale uani kwenye moto. Lakini alikuwa ameshaombewa.

Kwa hiyo imani yako haijakufa. Maiti haiulizi kama imekufa. Mtu aliyepoteza imani hakeshi anaandika ujumbe mrefu akilia kwamba Mungu hamjibu, huko kulia kwenyewe ni kuomba. Zaburi 88 inaanza na kilio na inaisha gizani, haina shangwe mwishoni kama nyingine, na bado imewekwa kwenye Biblia ili mtu kama wewe awe na cha kusema usiku.

Na huo ukavu, mimi naona sehemu kubwa ni msiba. Umefiwa, ukahama, ukafilisika, yote ndani ya miaka miwili na hukupata nafasi ya kulia vizuri kwa sababu watoto walikuwa wanataka kula. Mwili ukichoka hivyo hausikii kitu, hata chakula hakina ladha. Nakuambia ninachokijua. Mke wangu alipolala mauti, nilikaa karibu nusu mwaka siwezi kuomba neno la kwangu mwenyewe, nikipiga magoti linatoka Baba Yetu basi, naishia "utusamehe" nasinzia, na Jumapili ninahubiri. Wazee wa kanisa waliona wakaanza kuja jioni, wawili wawili, wanaomba wao, mimi nakaa. Siwezi kusema siku gani moyo ulirudi. Ulirudi polepole.

Ubatizo wa pili, usibatizwe. "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja," Waefeso 4. Wanakuambia ulikuwa mtoto hukujua kitu. Ndiyo, hukujua, na uzuri wenyewe uko hapo, Mungu alikushika kabla hujaweza kumshika. Leo ambapo tena huwezi kumshika unataka kuutupa ule ubatizo? Ndio wa kuukumbuka.

Kingine, umekuwa peke yako mno. Sisi Wamoraviani historia yetu ni ya watu waliokimbia makwao kwa ajili ya imani, wakapata hifadhi Herrnhut kule Ujerumani. Mwezi wa nane mwaka 1727 waligawana saa za siku, wanaume 24 na wanawake 24, kila mmoja saa yake, maombi yasikatike, na yaliendelea zaidi ya miaka 100. Hakuna mtu anaweza kuomba masaa 24. Waliomba kwa zamu, mmoja akilala mwenzake yuko macho. Na hapa kwetu Rungwe, ambako wamisionari Wajerumani walifika 1891, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika huku 1916 wakakamatwa wakaondolewa, mabibi na mababu zetu walibaki na imani ya miaka 25 tu na walimu wao wameenda, ikapita miaka ndio wengine wakaruhusiwa kurudi. Kila kitu kilibadilika, serikali, hela, na lugha ya wakubwa. Waliendelea kukusanyika. Wewe unayenisoma ni tunda la kukusanyika kule.

Kwa hiyo fanya hivi. Maombi marefu ya usiku acha kwa sasa, ulale. Asubuhi soma neno moja, lile la siku, Wamoraviani tumekuwa tukilichapa kila mwaka tangu 1731 na ofisi yoyote ya ushirika wa kanisa letu itakuonyesha kitabu chake. Ukishasoma, Baba Yetu, basi inatosha. Mwenyekiti wa kikoba mfuate kabla ya siku ya marejesho, usimkimbie, mwambie hali ilivyo muombane kupunguza kiwango, anayekuja mwenyewe huwa anasikilizwa. Ukiweza nenda na mzee wa kanisa. Laki tatu huna, na ungekuwa nayo ingeenda huko kwanza, maana kulipa deni nako ni utii. Mwanao wa Dar mpigie wewe, usisubiri, naye alizika baba, na vijana wa kiume wakiwa na uchungu wananyamaza.

Jumapili rudi ushirika ulio karibu na wewe. Kaa benchi la nyuma kama unaona haya. Wakifika kwenye "Namwamini Mungu Baba" na sauti yako haitoki, nyamaza, sikiliza wenzako wanavyoisema.

Hapa kwetu tuna watu wachache tunaopokezana kuomba asubuhi. Zamu yangu ni saa kumi na moja alfajiri, na jina lako nimeshaliandika. Saa hiyo wewe lala.