Matanga yameisha, kilio ndiyo kinaanza

Mama alifariki miezi mitatu iliyopita. Msibani sikutoa chozi, nilihangaika na turubai, masufuria na wageni. Sasa nikiona tu kanga yake nalia. Nimeharibikiwa?

Hapana. Msiba wa kwetu una kazi nyingi, na wewe ulikuwa msimamizi wa shughuli kuliko mfiwa. Nyumba ikishatulia ndipo zamu yako inafika. Kinachotutia shaka ni huzuni isiyolegea hata kidogo kwa zaidi ya miezi sita, ikakuzuia kazi na kuishi na watu. Kipimo hicho ni cha Shirika la Afya Duniani, nalo linataka mila na dini ya mfiwa vizingatiwe. Mjane aliyekaa eda miezi minne na siku kumi si mgonjwa kwa kujitenga kwake. Ila kama huli, hulali, usihesabu miezi, tafuta msaada sasa. Na ukitamani kumfuata marehemu, nenda hospitali leo leo, ukiwa na mtu.

Kwa mnasihi, yaani mshauri wa wafiwa, kunafanyika nini hasa? Naogopa nitaambiwa nisahau.

Akikwambia usahau, tafuta mwingine. Kikao huwa cha dakika 45 hadi saa moja, mara nyingi kimoja kwa wiki. Cha kwanza ni maswali: nani amekufa, vipi, unalala saa ngapi, nani yuko nawe nyumbani. Baadaye, mkishazoeana, anaweza kukuomba usimulie siku ya kifo taratibu: nani alipiga simu, ulikuwa umeshika nini. Pale unaporuka haraka ndipo atakapokurudisha, maana mara nyingi ndipo panapokuamsha usiku.

Wengi hukatisha hapo, kwa kuwa wanatoka wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia. Usikimbie, mwambie apunguze kasi. Kazi ya nyumbani nayo iwe ndogo. Chumba cha marehemu, kwa mfano: fungua droo moja, dakika 15, kisha funga. Kugawa nguo zote kwa siku moja huweza kuleta majuto.

Wala usitafute uko hatua ya ngapi kati ya zile tano maarufu za huzuni: kukataa, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokaribia kufa, si wafiwa.

Mwanangu ana miaka 6. Tulimwambia baba amesafiri, sasa anauliza atarudi lini.

Mwambieni leo, na aseme mtu anayemwamini: "Tulikosea kukwambia amesafiri. Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hawezi kurudi. Si kosa lako." Msigeuze kuwa "amelala", ataogopa kitanda. Mkiendelea na uongo wa safari, kila mama atakapopanda basi mtoto atalia. Huenda akasikia, akatoka kucheza mpira, kesho akauliza tena. Mjibuni kwa maneno yale yale.

Ninunue dawa za usingizi dukani?

Usinunue. Diazepam huzoeleka upesi na haigusi huzuni.

Mtoto wetu alifia tumboni, mimba ya miezi minane. Ndugu wanasema tutapata mwingine.

Huyo mwingine hatakuwa huyu. Kama mlimpa jina, litumieni, na mnasihi mwombeni alitumie. Mama aelezwe mapema kwamba maziwa yatajaa siku ya pili hadi ya nne. Wengi hawaambiwi, na hapo ndipo huvunjika. Avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu kupunguza maumivu, maana akikamua yote yatajaa tena. Titi likiwa jekundu na homa ikipanda, arudi kliniki. Baba naye aingie kikaoni, asiachwe nje kwenye benchi.